Gripu mpya imekwama katikati ya fimbo, nimekosea wapi?

Kedi wa Lugalo (Dar es Salaam)

Habari zenu wanagofu. Mimi ni kedi pale uwanja wa gofu wa Lugalo, huu mwaka wa sita. Mzee mmoja ninayembebea begi kanipa fimbo zake za zamani, za chuma tupu, kuanzia namba 4 mpaka 9 na weji mbili (zile za kupigia karibu). Ndiyo seti yangu ya kwanza kuimiliki, miaka yote nilikuwa nacheza za kuazima. Vichwa viko vizuri, lakini gripu, ile mipira ya kushikia fimbo, zimekufa. Mpira umekauka, unang'aa kama soli ya kandambili iliyolika, na kwa joto letu hili, jasho likishatoka fimbo inazunguka mkononi. Juzi namba 7 ilinigeukia wakati wa kupiga, mpira ukaishia kwenye miti.

Nikanunua gripu mpya 8, elfu 15 kila moja, nikaamua nizivalishe mwenyewe nyumbani. Ya zamani nimeichana kwa kisu, nikakwangua tepu, nikazungushia tepu ya pande mbili ile ya kubandikia kapeti. Nikamwagia petroli kidogo niliyopewa na jirani wa bodaboda, haizidi kifuniko cha soda, nikaanza kusukuma. Ikaingia nusu ikagoma. Nimesukuma, nimevuta, viganja vimetoka malengelenge. Leo siku ya tatu bado iko palepale, nusu ya juu inaning'inia tupu.

Ndani ya mdomo wa gripu pameandikwa M58. Naweza kuiokoa hii? Na zile 7 zilizobaki nizivalisheje? Mwisho wa mwezi makedi tuna mashindano yetu na nataka nicheze na fimbo zangu.

Fundi Mstaafu (Mombasa)

Mwanangu, pole kwa viganja. Nimevalisha fimbo gripu kwa zaidi ya miaka thelathini katika klabu moja huku pwani, na hilo lililokupata nimeliona mara nyingi. Kosa lako si moja, ni matatu yamekutana.

La kwanza ni petroli. Inakauka upesi mno, na kwa joto la Dar hata nusu dakika hukupata. Tena inashika moto kwa mvuke wake tu, jiko la mkaa likiwa hapo nje karibu. Nakusihi usiitumie tena ndani ya nyumba. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue waiti spiriti, ile mafundi rangi wanayooshea brashi. Inakauka taratibu, inakupa muda. Usikubali wakuuzie thina ya rangi za magari badala yake, ile inakula mpira.

La pili ni tepu. Ya kapeti ina kitambaa ndani, ni nene. Tafuta ile nyembamba ya karatasi, gundi pande zote mbili. Upana wowote unafaa, ukiwa mwembamba utaizungusha kama bendeji.

La tatu ndilo wengi hawalijui. Hiyo 58 ni kipenyo cha tundu la gripu, yaani inchi 0.580. Shafti, yaani mti wa fimbo, nyingi za chuma za wanaume, upande wa juu, zina inchi 0.600, kama milimita 15.2. Pima kwa kalipa ya fundi yeyote wa vyuma. Ukikuta 15.2, basi gripu zako zinavutwa zitanuke kidogo zinapoingia. Zitavaa, usizitupe, ila zitakuwa nene kwa unywele na zinataka majimaji mengi zaidi. Wewe umeipa kifuniko cha soda!

Sasa kuiokoa. Nunua bomba la sindano pale duka la dawa, lenye sindano nyembamba. Vuta waiti spiriti, ingiza sindano kutokea mdomoni mwa gripu, kati ya mpira na tepu, sukuma polepole. Utaona mpira unafura kidogo, hapo gundi inaachia. Zunguka pande zote, kisha shika gripu kwa kitambaa uipindishe huku unaivuta nje. Usitumie nguvu za kifua. Ikikataa, ongeza waiti spiriti, si misuli. Gripu itatoka nzima, uifute ndani, uiache ikauke, itavaliwa tena.

Zilizobaki, fanya hivi. Fimbo ibane kwenye jiliwa, lakini izungushie kwanza kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, maana shafti ya chuma ina uwazi ndani, ukiikaba bila mpira inabonyea na haitarudi. Fimbo ilale, kichwa kikae ukingo wake wa mbele umesimama wima. Laza tepu, mwishoni uache kama sentimita moja na nusu izidi juu ya shafti, uikunje uitumbukize ndani ya tundu ili maji yasiingie shafti. Ziba kitundu cha nyuma ya gripu kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Jaza spiriti robo ya gripu, ziba mdomo kwa kidole, tikisa, kisha mwaga yote juu ya tepu mpaka ilowe kila mahali. Weka beseni chini.

Hapo ndipo watu wanaponyong'onyea. Minya mdomo wa gripu uingie, halafu sukuma mara moja mpaka mwisho, usisite katikati hata kidogo. Ukisita umekwama. Ukisikia shafti imegonga kitako cha gripu, ndipo upange mistari ielekee inavyotakiwa. Una dakika moja au mbili za kuinyoosha. Kisha iegemeze ukutani na usiipige mpaka kesho yake.

Na kisu, mwanangu, tumia chenye ncha ya ndoano, ukate ukielekeza mbali na mwili wako. Kwa chuma ni salama, lakini siku ukipata draiva (fimbo ya kupigia mbali) yenye shafti ya grafaiti, kisu kilichonyooka kinachana nyuzi za shafti na siku moja itakatikia hewani. Grafaiti tepu yake ubandue kwa vidole, hata ikichukua saa nzima.

Mama wa Njiro (Arusha)

Mdogo wangu, mzee kasema yote ya ufundi, mimi naongeza la ukubwa. Kabla ya kuvalisha zote 8, valisha moja uishike. Kwa anayetumia mkono wa kulia, vidole viwili vya katikati vya mkono wa kushoto vinatakiwa viguse kiganja kidogo tu. Vikichimba nyamani gripu ni nyembamba, visipofika ni nene. Mimi mikono yangu ni midogo na nilicheza miaka miwili na gripu za mume wangu, nikakaza mikono mpaka kiwiko kikauma. Nilipobadilisha maumivu yakapungua ndani ya wiki chache. Gripu zako ukiziona nyembamba, ongeza raundi moja ya tepu ya karatasi ya mafundi rangi chini ya ile ya gundi. Ila isiwe na uvimbe mahali pamoja, sheria za gofu hazikubali gripu yenye kiuno au nundu.

Mtanga wa Muscat

Hapa joto ni kali kuliko huko kwenu. Usiache begi kwenye buti la gari, ndiko mpira unakokomaa. Kila baada ya kucheza mara tatu nne zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uzifute kwa kitambaa kikavu. Jasho na mafuta ya kujipaka ndivyo vinavyozifanya zing'ae. Kabla hujatupa hata hizo za zamani, jaribu moja.

Kedi wa Lugalo (Dar es Salaam)

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Narudi na majibu.

Nimepima kwa kalipa ya fundi wa geti jirani, ni milimita 15.2 kama ulivyosema. Sindano imefanya kazi, mzee. Nilipiga mabomba manne, mpira ukafura, ukatoka bila kuchanika popote. Nililia kwa furaha, elfu 15 kwangu si ndogo.

Juzi jioni nimevalisha nne uani kwa mama, mkaa umezimwa. Ya kwanza nilisita ikabaki sentimita mbili, nikaivuta haraka nikamwaga spiriti tena, ikaenda. Tatu zilizofuata ziliteleza kama samaki. Nimezishika, vidole vinagusa kiganja vizuri, dada, sikuongeza tepu.

Ile ya zamani ya weji nimeiosha kama alivyosema ndugu wa Muscat. Weusi uliotoka kwenye maji sijawahi kuuona, lakini mpira wenyewe umepasuka, haufai tena.

Swali moja tu kwa mzee. Spiriti iliyomwagikia kwenye beseni, niichuje nitumie kwa nne zilizobaki, au ishachafuka?

Fundi Mstaafu (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Ichuje kwa kitambaa cha pamba uitumie, mimi nilikuwa narudia mpaka inageuka rangi ya chai. Ifunge kwenye chupa ya kioo uiandike jina, na uiweke juu wasikofika watoto. Ukimaliza usiimwage mtaroni.

Namba 7 uiache ya mwisho, mkono ukishazoea.