Pendekezo linaweza kubadilishwa kura ikishaanza?

Mtu_wa_Rongai: Wadau, projekti yetu ya programu huria inapigia kura leseni mpya, watu washaweka +1 (yaani ndiyo), halafu jana usiku mwenye pendekezo akaongeza maneno, ati ni karekebisho kadogo tu. Sasa zile kura za kwanza zinahesabika kweli?

Fundi_Kayole: Zi bana, walikubali kitu kingine. Kwa Debian, wale wa mfumo huria wa kompyuta, hayo humalizwa kwa mjadala, kubadilisha ni huko, na tangu 2022 mjadala kwa kawaida hauzidi wiki 3, kura ikishaitishwa hakuna kugusa kitu, unapanga machaguo vile unapenda na kuna lile la "hakuna kati ya haya" kama yote yamekuudhi.

msimbo254: Kwa Apache, lile shirika la programu huria, toleo jipya la programu likipatikana na shida kubwa kura inafutwa wanaanza ingine, angalau masaa 72. Na hayo masaa si urembo, kuna mwenye stima imepotea.

Mtu_wa_Rongai: Na kama ni koma tu?

Fundi_Kayole: Koma sawa. Lakini aliongeza nini?

Mtu_wa_Rongai: Leseni ilikuwa GPL 2, ile ya programu huria, akaongeza "au toleo lolote la baadaye"

Fundi_Kayole: Aii buda, hiyo ni leseni ingine kabisa! Linux yenyewe, kile kiini cha mifumo kama Debian, iko GPL 2 bila hicho kipande. Futeni muanze upya.