Binti anaenda Fukuoka kusoma: wiki mbili za mwanzo aanzie wapi?

Mama_Chikongola:
Wakuu, habari za jioni. Binti yetu wa hapa Mtwara mjini amepata chuo cha lugha Fukuoka, Japani, masomo yanaanza Aprili. COE (cheti cha uhamiaji wa Japani cha kustahili kukaa, kinachotangulia viza) imeshatoka, wiki ijayo anapanda basi kwenda Dar kuomba viza ubalozini. Chuo kimetuma fomu nyingi lakini hazisemi kipi kitangulie. Bweni hakuna, amepangiwa chumba cha kukodi. Wenye uelewa naomba mnisaidie: akishatua afanye nini, kwa mpangilio gani? Simu, benki, bima, gesi, hata takataka maana nasikia huko ni kesi. Na abebe nini kutoka nyumbani? Hela ya kupoteza kwenye faini hatuna.

Ngapa_Lindi:
Shikamoo mama. Kwanza tazama tarehe ya COE. Inaishi miezi mitatu tu tangu itolewe, na ndani ya hiyo miezi mitatu anatakiwa awe ameshaingia Japani, siyo awe ameshaomba viza tu. Tiketi ikatwe kwa kuangalia hapo.

Huko kila kitu kinaning'inia kwenye anwani. Bila anwani nyuma ya kadi ya ukaazi hapati laini ya simu ya maana, bila namba ya simu benki inamsumbua, bila akaunti mshahara wa kibarua hauna pa kuingilia. Kwa hiyo asikimbilie benki siku ya pili.

Uwanja wa ndege: Fukuoka wanatoa kadi ya ukaazi palepale dirishani. Akiunganisha ndege Narita au Haneda, uhamiaji atapitia huko na kadi atapewa huko. Hapohapo akabidhi fomu ya kuomba ruhusa ya kufanya kazi nje ya masomo. Ni karatasi moja, haina malipo, aijaze kabla ya kushuka kwenye ndege. Mhuri unagongwa nyuma ya kadi. Akiipitiliza itabidi baadaye apange foleni ofisi ya uhamiaji na kusubiri majibu, na muda wote huo haruhusiwi kufanya kazi hata saa moja.

Kadi hiyo atembee nayo popote. Kukutwa bila kadi ni faini hadi yeni 200,000, na picha ya kwenye simu haihesabiki.

Ofisi ya ku: jiji la Fukuoka limegawanywa ku saba, yaani wilaya za jiji (Higashi, Hakata, Chuo, Minami, Jonan, Sawara, Nishi), kila moja na ofisi yake. Aende ya kwake na kadi na pasipoti ndani ya siku 14 tangu ahamie chumbani. Safari hiyo moja amalize mambo matatu: kuandikisha anwani, kujiunga na bima ya afya ya taifa, na pensheni. Bima ikishakuwa hai, hospitali analipa asilimia 30 ya gharama. Ada ya bima inakokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita ndani ya Japani, kwa hiyo mwanafunzi mgeni hulipa kidogo, lakini lazima ajaze tamko kwamba hakuwa na kipato. Akikaa bila kujiunga, siku akijiunga wanamhesabia tangu alipotakiwa kuanza.

Pensheni ni ya kuanzia miaka 20. Ada inazidi yeni 17,000 kwa mwezi, hiyo mwanafunzi haimudu, kwa hiyo aulizie utaratibu wa wanafunzi wa kuahirisha malipo. Hauji wenyewe, lazima auombe, na chuo chake kiwe kinatambulika kwenye utaratibu huo. Kama hakimo, aombe msamaha wa kawaida wa wasio na kipato.

La mwisho hapa: abandike jina lake kwenye sanduku la barua la chumba. Barua ya namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 12 inakuja kwa posta, na postamani asipoona jina anairudisha ilikotoka.

Kaka_wa_Ligula:
Mkuu wa Ng'apa umemaliza upande wa karatasi. Naongeza la jina, maana ndipo watu wa kwetu wanapokwama.

Kadi itaandikwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu. Lakini benki na mwajiri wanatumia katakana (herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni), na katakana haina M ya kusimama peke yake. Mtu wa ukoo wa Mchopa, karani mmoja atamwandika Muchopa, mwingine Nchopa. Mwajiri akituma mshahara kwa Muchopa na akaunti inasoma Nchopa, hela inarudi. Achague tahajia moja siku ya kwanza pale ofisi ya ku, aiandike kwenye kikaratasi, aitumie hiyohiyo kwenye simu, benki, kibarua na chuo. Na majina yawe matatu kila mahali, kwa mfuatano uleule. Akiwa na matatu huku na mawili kule, kompyuta zao zinamhesabu ni watu wawili.

Benki: nyingi zinamkataa mtu ambaye hajatimiza miezi sita nchini. Yucho, benki ya posta, ndiyo wanafunzi wengi huanza nayo. Aende na kadi yenye anwani, pasipoti, kitambulisho cha chuo na namba ya simu. Kabla ya hapo, mashine za Seven Bank ndani ya maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, basi kadi yake ya huku ifunguliwe matumizi ya kimataifa kabla hajaondoka Mtwara. Hata hivyo abebe yeni taslimu za kutosha wiki mbili.

Kazi ni saa 28 kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumapili. Likizo ndefu za chuo, saa 8 kwa siku.

Ngapa_Lindi:
Hapo kwenye Jumatatu mpaka Jumapili nisahihishe, kaka. Saa 28 hazipimwi kwa wiki ya kalenda. Ukianza kuhesabu siku yoyote ile, siku saba zinazofuata zisizidi 28. Mtu akipiga saa 20 kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, halafu 20 nyingine Jumatatu hadi Jumatano, kwenye kalenda anaonekana safi, kumbe amefanya 40. Na ni jumla ya vibarua vyote, siyo 28 kwa kila kimoja. Kumbukumbu za kodi zinaonyesha kipato chake chote, na maofisa wanazitazama wakati wa kuongeza muda wa ukaazi. Baa za starehe na kumbi za pachinko (mashine za kamari) ni marufuku kabisa kwake, hata kama ni kuosha vyombo.

Mama_Chikongola:
Marahaba mwanangu, Mungu awabariki wote. Sasa chumba chenyewe na hizo takataka?

Fundi_Masasi:
Mama, chumba cha Japani hukabidhiwa kitupu haswa. Mara nyingi hata taa ya dari na pazia hakuna, jiko hakuna. Muulizeni wakala wa nyumba mapema kilichomo ni nini, na gesi ya humo ni ya bomba la jiji au ya mtungi. Jiko la aina moja halitumiki kwenye gesi ya aina nyingine: moto unatoka mrefu wenye masizi au unazimika, na ni hatari ya kweli. Nyuma ya jiko pana kibandiko kinachotaja aina ya gesi, akisome kabla ya kununua, hasa la mtumba.

Maji na umeme vinafunguliwa kwa simu au mtandaoni. Gesi hapana, fundi lazima aingie ndani kupima na mpangaji awepo. Mwisho wa Machi Japani nzima inahama, mafundi wanabanwa, kwa hiyo miadi ichukuliwe kabla hajafika, chuo kimsaidie. Bila gesi hana maji ya moto, na Machi ya Fukuoka kwa mtoto wa Mtwara si ya kuoga maji ya bomba.

Siku ya kwanza, kabla ya kuweka hata ndoo, apige picha kila mkwaruzo ukutani na sakafuni, azitume kwa wakala. Amana ya chumba inakatwa kwa uharibifu siku ya kuondoka, na picha ndiyo ushahidi. Ile nyingine wanayoiita reikin ni shukrani kwa mwenye nyumba, hiyo hairudi.

Umeme wao ni volti 100, plagi ya vibati viwili bapa. Chaja ya simu na ya kompyuta zilizoandikwa 100-240V zinakwenda, atafute adapta tu. Pasi au birika la huku la volti 230 aliache nyumbani: kwenye volti 100 litatoa chini ya moja ya tano ya nguvu yake, maji yatachemka kesho.

Takataka. Miji mingi ya Japani hutoa asubuhi kabla ya saa mbili, ila jiji la Fukuoka linakusanya usiku. Anatoa jua likishazama na kabla ya saa sita usiku. Akifuata ushauri wa rafiki wa Tokyo akatoa asubuhi, mfuko utashinda juani na kunguru watauchana. Mifuko ni maalumu ya jiji, inauzwa madukani: mwekundu wa vinavyoungua, bluu wa visivyoungua, njano wa chupa za kioo na za plastiki za vinywaji. Ule mwekundu wa lita 45 ni yeni 45. Vinavyoungua huchukuliwa mara mbili kwa wiki, hizo aina nyingine mara moja tu kwa mwezi, basi tarehe azibandike kwenye friji. Chupa ya plastiki anatoa kifuniko, anachana lebo, anasuuza, anaikanyaga. Mfuko uliochanganywa hauchukuliwi, unabandikwa karatasi ya onyo na kuachwa palepale, na majirani wanajua ni wa nani.

Mafuta ya kukaangia asimwage kwenye sinki. Ayanyweshe magazeti, yaende na mfuko mwekundu. Kitu kikubwa kama godoro kinawekewa miadi na kulipiwa stika. Friji, televisheni, mashine ya kufulia na kiyoyozi vina sheria yake, kuvitupa ni gharama, kwa hiyo akipewa friji kuukuu ya bure afikirie mara mbili.

Nanyamba_Korosho:
Mimi nitagusa begi tu. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa abebe, hizo hazina shida na ni zawadi nzuri kwa walimu na jirani wa ukuta kwa ukuta. Embe na matunda mabichi hapana, nyama na soseji hapana, hata kama ni kidogo.

Dawa za kuandikiwa na daktari zisizidi za mwezi mmoja, za dukani miezi miwili. Zaidi ya hapo anaomba kibali kabla ya safari. Chunguza vidonge vya mafua: vyenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 vinahesabiwa malighafi ya dawa za kulevya, usimfungashie.

Akiugua, aanze zahanati ya mtaani. Hospitali kubwa bila barua ya rufaa hutoza nyongeza ya yeni 7,000 au zaidi, na bima hailipi hiyo. Gari la wagonjwa ni 119, polisi 110.

Kama ni Muislamu, msikiti upo, karibu na stesheni ya Hakozaki. Kuku halali wa barafu wapo madukani. Ajifunze kuitambua alama 豚, ni nguruwe, na imejificha hata kwenye supu na biskuti.

Mama_Chikongola:
Nimechapisha yote kwenye karatasi. La mwisho, tumpigie saa ngapi?

Kaka_wa_Ligula:
Wametutangulia saa sita, mama. Kwa hiyo saa unayoitaja kwa Kiswahili ndiyo namba anayoiona yeye kwenye saa ya ukutani: kwako saa mbili asubuhi, kwake mshale uko kwenye mbili, mchana. Mpigieni kabla ya saa kumi jioni ya Mtwara. Ikipita hapo kwake ni usiku, kuta ni nyembamba, na jirani akilalamika ni wakala atakayempigia.