Mtoto aliyegongwa: nani aondoke kwanza?

Nesi_Barabarani: Wakuu, nipo kituo cha afya kando ya barabara kuu. Usiku maabara imefungwa, gari la rufaa moja. Juzi kaletwa mtoto aliyegongwa na bodaboda: kilo 14, paja limevunjika bila kidonda, presha (namba ya juu) 88, anasinzia ila ukimwita anaitika. Mnapimaje hatari ya kufa?

Tabibu_Zamu: Dada, kuna alama za majeruhi watoto za mwaka 1987. Uzito, njia ya hewa, presha, fahamu, vidonda, mifupa. Kila kimoja +2 (salama), +1 au −1 (hatari). Wako: 1+2+1+1+2+1, jumla 8. Kuanzia 8 kushuka, huyo wa rufaa.

Mzee_Theatre: Presha isikulaghai. Mtoto hubana mishipa, presha ikakaa vizuri hata robo ya damu ikiwa imeshamwagika. Mimi nambonyeza mtoto kidole chake sekunde tano, naachia. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili na miguu ni ya baridi, alama baadaye, maji ya mshipa kwanza.

Nesi_Barabarani: Asanteni. Ila kitambaa cha presha cha watoto hatuna, tunamfunga cha mtu mzima.

Tabibu_Zamu: Basi hiyo 88 usiiamini, kitambaa kipana hushusha namba. Alama hizo zinaruhusu kushika mapigo: ya kiganjani yakisikika +2, ya kinenani tu +1, hakuna kabisa −1. Wako huenda akafika 9, lakini mtoto anayesinzia baada ya kugongwa mimi simlazi kituoni.