Naomba ushauri: filamu ya vita ya kutazama na mzee wangu

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, Nkuhungu. Baba yangu alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na sasa anataka Jumapili tukae sebuleni tutazame filamu ya vita. Ninazo All Quiet on the Western Front mbili: ya Marekani ya 1930, isiyo na rangi, na ya Kijerumani ya 2022. Mimi naipenda zaidi ya zamani, hii mpya damu na matope vimezidi. Ila juzi tu, risasi zilipolia kwenye filamu ya majasusi, aliweka kikombe cha chai chini mkono ukitetemeka, akanyamaza mpaka usiku. Nimwekee ipi, au niache kabisa? Mliolelewa na wazee waliopigana, naombeni mnisaidie.