Wakuu, niuze santuri kwa mkupuo au moja moja?

Mwana Kirumba: Heshima kwenu. Nina boksi la santuri za zamani, zile za vituko, miziki isiyopatana imefungishwa ndoa kwa nguvu. Imo "A Fifth of Beethoven" ya Walter Murphy, simfoni ya Beethoven iliyogeuzwa disko 1976. Imo ya Ethel Merman ya 1979, mama wa majukwaa ya Broadway, kule kwenye maigizo ya muziki New York, akiimba disko. Mnunuzi wa Nairobi anatoa laki nne kwa boksi zima. Nimpe, au niuze moja moja? Usingizi sipati.

Fundi Spika: Ya Murphy ilishika namba moja Marekani, kwa hiyo zimezagaa. Adimu ni zilizododa. Angalia kama zimejipinda kwa joto.

Sato wa Igombe: Vituko gani? Njoo Bulabo, sikukuu yetu Wasukuma, pale Bujora: maandamano ya Ekaristi, kisha vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana. Babu yangu alikuwa Mgalu, akiingia uwanjani hata watoto wa Bagika walimshangilia. Huo ndio mchanganyiko!

Mama Nyanza: Boksi ni la nani, mwanangu?

Mwana Kirumba: La familia, mama.

Mama Nyanza: Familia ipi?

Mwana Kirumba: La baba mkwe. Alikuwa anapiga disko enzi zake, sasa yuko Ukerewe, tunamtunzia. Lakini hana hata mashine ya kuzichezea, zinakula vumbi tu stoo. Ada ya mtoto inadaiwa na jamaa ameshatanguliza laki moja. Mzee nitamweleza mambo yakikamilika.

Mama Nyanza: Mali ya mkwe! Mahari yenyewe ulimaliza?

Jiwe la Bismarck: Chai hii. Bibi wa Broadway aimbe disko? Weka picha.

Fundi Spika: Hapo si chai. Merman alizaliwa 1908, hesabu mwenyewe: miaka 71. Aliimba nyimbo zake zilezile kwa sauti yake ileile, wakazitilia mdundo wa disko. Mwaka huohuo Disney nao wakatoa "Mickey Mouse Disco". Baadaye, 1990, bendi ya Dread Zeppelin wakapiga nyimbo za Led Zeppelin, wale wa roki, kwa rege, mwimbaji kavaa kama Elvis. Watu wanacheka, ila sikiliza besi yao: wale jamaa rege wanaijua. Mimi hizi nazipenda kwa dhati.

Jiwe la Bismarck: Santuri nimekubali. Mkwe ndiye simwamini. Picha iko wapi?

Mwana Kirumba: Picha siwezi. Boksi lilipanda basi la Sirari, mpakani na Kenya, jana usiku. Mimi niliuliza bei tu, mengine mnayaleta nyinyi.

Mama Nyanza: Kumbe umeshauza! Mpigie mzee kabla binti yake hajampigia.

Fundi Spika: Piga kwanza ofisi ya mizigo Sirari, wasilivushe. Likirudi, nipo Buzuruga: ya Merman peke yake natoa laki na nusu, mzee akiridhia.

Sato wa Igombe: Na ya Mickey Mouse imo?