Kamati ya sendofu imening'iniza keki yangu kwenye mzani wa mabegi, sasa eti ninaowadai ndio wananidai 18,000!

Wakuu, salaam. Mimi humu huwa msomaji tu, kuanzisha uzi sina mazoea, ila leo nisipotema hii nyongo nitaugua, na baba watoto ameshachoka kunisikiliza. Ni ndefu. Mwenye haraka apite salama.

Naoka na kupamba keki nyumbani, Tabata, mwaka wa saba huu. Duka sina. Nina oveni moja, mashine moja ya kupigia, na meza ya kulia chakula ambayo familia yangu imeisahau, tunakula mapajani kwa sababu mezani hapakosi keki ya mtu. Wateja wangu ni wa kuambizana: kipaimara, komunio, kitchen pati, mtoto katimiza mwaka. Sijawahi kuwa na ugomvi mkubwa na mteja. Vijineno vya "dada punguza" vipo kila siku, hivyo nimeshavizoea kama kelele za jirani.

Mwezi wa kwanza akaja shangazi wa binti mmoja, mama mtu mzima, kanikalia vizuri kwenye kochi, nikampa chai. Sendofu ni Februari. Anataka keki ya kanga. Siyo keki iliyofungwa utepe wa kanga, hapana, keki yenyewe ionekane kama kanga: ghorofa ya chini izungushwe pindo na mji (ile sehemu ya katikati ya kanga) kwa rangi za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na jina lake kabisa, yaani yale maneno ya kanga, WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU. Wanaojua kanga mtasema kisutu cha zamani mara nyingi hakina jina. Nilimwambia. Akasema lake analitaka. Sawa, keki ni yake. Ghorofa ya juu iwe nyeupe tupu, imwagiwe asumini za sukari zinazoshuka upande mmoja kama kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia.

Wazo lilinifurahisha, sitaficha. Nimechoka kupewa picha za keki za Ulaya zenye theluji.

Nikamwandikia, na meseji ninayo mpaka leo: "Keki ghorofa mbili, kilo 5, mapambo ya kanga kwa mkono na asumini za sukari, 380,000. Kianzio nusu." Akajibu "Sawa mwanangu, Mungu akubariki", ikaingia 190,000. Sasa hilo neno KILO 5 hapo katikati, ambalo niliandika ili wajue inatosha watu wangapi, ndilo lililoniponza. Ningejua ningejikata vidole.

Ngoja niwaeleze kilichoingia humo, maana watu wanadhani keki inatoka kwenye oveni ikiwa imeshavaa.

Asumini kwanza. Unachukua fondanti, ile sukari laini ya kukanda na kuvalisha keki, unaikanda na unga wa CMC wa kukazia mpaka inakuwa kama ngozi, unaisukuma nyembamba hadi unaona mistari ya meza kupitia kwake. Unakata na kikatio kidogo, unaliweka ua kwenye sponji, unalibonyeza katikati likunje petali zake, unaliacha likauke. Ukichelewa dakika tatu linapasuka pembeni. Februari ya Dar, joto hilo na unyevu huo, ukiwasha feni linakauka kabla hujalikunja, ukizima feni linalegea na jasho lako linadondokea kazi. Nilitengeneza 120. Usiku mbili. Kila moja nikalitia kitone cha kijani kibichi chini, kwa ncha ya kijiti cha meno.

Halafu kanga. Ile huchori kwa rangi ya maji, maana maji yanayeyusha sukari, unachora ua unapata shimo. Rangi ya jeli unaizimua kwa kinywaji kikali cheupe, pombe inaruka hewani, rangi inabaki. (Kwa wateja Waislamu natumia rangi ya unga niliyoiyeyushia kwenye siagi ya kakao, msinianze na hilo.) Nyekundu ina tabia yake, leo unaiona kama pinki ya mgonjwa, ukiilaza usiku mmoja inaamka damu ya mzee. Kwa hiyo unachora kwa imani. Nyeusi ikigusa nyekundu kabla haijakauka umekwisha. Herufi zilikuwa 33, kwa brashi namba sifuri, kwenye ukuta wa duara, na umeme ulikatika nikiwa kwenye KUWATUNZA. Baba watoto alinishikia tochi ya simu mpaka nikamaliza THAWABU. Mtu ana zamu asubuhi, kasimama saa saba usiku anamulika keki ya sendofu ya watu asiowajua.

Na frijini huwezi kuiweka keki ya hivyo. Fondanti ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa yetu inatoka jasho, na jasho likipita kwenye nyekundu ile kanga inalia machozi hadi kwenye ubao. Kwa hiyo ndani nilipaka ganashi, chokoleti iliyoyeyushwa na krimu, badala ya batakrimu ya siagi, inavumilia joto zaidi, lakini ni ghali zaidi. Vifaa peke yake vilikula 150,000 na ushee: trei nzima ya mayai, chokoleti, fondanti na rangi za Kariakoo, ubao, boksi refu. Risiti ninazo, atakaye nimpigie picha.

Jumamosi saa nne asubuhi wakaja wawili, mweka hazina wa kamati na dereva wa bajaji. Nikawafunulia boksi waione. Dereva, Mungu ampe maisha marefu, alisema "duh, dada, hii kanga kabisa". Mweka hazina hakusema kitu. Nikampa maelekezo: boksi likae sakafuni mwa bajaji, siyo mapajani, kwenye matuta mpunguze mwendo, mkifika liwekwe kivulini. Nikaingia jikoni kufunga mfuko wa krimu na asumini kumi za akiba, maana hakuna fundi wa keki anayemtoa mteja bila vya kuzibia.

Nikasikia sauti ya mtu aliyekamata mwizi: "Kilo nne na mia tatu!"

Natoka. Nakuta yule bwana kafunga boksi langu kwa kitenge, kapitisha fundo kwenye ndoano ya ule mzani mdogo wa kuning'iniza, wa kupimia mabegi ya ndege, na anainyanyua keki kwa mkono mmoja. Mkono unatetemeka. Kona moja ya boksi bado imekaa mezani, zingine tatu ziko hewani. Yaani hata huo uzito wenyewe ni wa uongo, meza imembebea, mimi niliipima usiku kwenye mzani wa jikoni ikapita kilo tano bila ubao! Lakini uzito tuuache. Boksi limelala upande. Nikapiga kelele "kaka shusha!", na yeye kwa kushtuka akashusha puu.

Waliowahi kupandisha keki ghorofa wanajua. Ya chini ina mirija inayobeba, na katikati kuna kijiti kirefu kinachozishika zote mbili. Ghorofa ya juu ilikwenda upande, kijiti hakikwenda. Kikaichana kama kisu cha mkate. Asumini zikikauka ni kama glasi, zilivunjika nyingi, nikizihesabu nitalia tena. Pindo la kanga likapata ufa kuanzia juu mpaka kwenye DHAHABU.

Sikutukana. Nashangaa mwenyewe. Nilikaa chini dakika arobaini na tano, nikaijaza ghorofa ya juu ganashi, nikaisimamisha, maua yaliyopona nikayahamishia upande wa ufa, zile kumi za akiba zote nikazitumia. Muda huo wote yeye kakaa kwenye kochi lilelile alilokalia shangazi, anapiga hesabu kwenye simu. Nilipomaliza akanisomea, kwa heshima zote, "dada yangu": kilo moja ya keki mjini ni 40,000, kilo nne na mia tatu ni 172,000, tulishakulipa 190,000, kwa hiyo kamati inakudai 18,000. Lakini kwa ubinadamu akanipa 50,000 "ya usumbufu", nyingine tutaongea. Nikamuuliza mapambo je? Akanijibu, na nanukuu kwa sababu sitakuja kulisahau: "Mapambo si ndiyo keki yenyewe?"

Akabeba akaondoka.

Jioni nikatumiwa picha na mtu aliyekuwemo ukumbini. Keki imesimama. Watu wanajipiga nayo selfi, MC kasoma jina la kanga kwenye kipaza sauti na wazazi wakanyanyuka kulishwa. Jumatatu shangazi kaweka kwenye status picha ya ule ufa, kaikata vizuri maua yasionekane, kaandika "mafundi wa siku hizi wizi mtupu, keki pungufu na imepasuka". Mama niliyempa chai! Na meseji juu: nirudishe 18,000 la sivyo atanianika kwenye magrupu yake yote ya vikoba.

Sasa naomba niulize, na mnijibu kama watu wazima. Nani alituroga tuuze keki ya mapambo kwa kilo? Asumini zangu 120 zilikuwa na gramu 70 zote pamoja. Sabini! Kwa bei ya mweka hazina hizo ni 2,800. Usiku mbili, 2,800. Rangi ya kanga haina hata gramu. Msusi humlipi kwa uzito wa rasta. Fundi cherehani akikushonea gauni la shela hulitundiki kwenye ndoano ukamwambia kitambaa ni kilo moja na robo. Mchora hina hapimi bibi harusi kabla na baada. Ila keki, kwa sababu inaliwa, basi ni nyama ya buchani.

Na hiyo kilo yenyewe ni ya nini? Kuna anayepima rojo kabla ya oveni, na keki ikiiva inapoteza maji, inatoka nyepesi. Kuna anayepima ikiwa imevaa krimu na fondanti. Wapo, nawajua, wanaopima na ubao. Wote tunaandika "kilo 5" kwenye tangazo moja.

Hapa nawageukia na nyie mafundi wenzangu, msidhani mmepona. Mnaoandika "kilo 25,000 na mapambo yoyote utakayo" mnatuua. Mapambo yoyote! Ndiyo maana mtu anakuletea picha ya keki iliyofanywa na watu watatu wiki nzima, anakuuliza kilo bei gani.

Mama yangu anasema zamani haya hayakuwepo. Keki za harusi za utotoni mwangu, nyeupe pe, zilizopakwa sukari iliyopigwa na ute wa yai, na nguzo za plastiki katikati ya ghorofa, zilikuwa ngumu kama chokaa, zinasimama juani toka asubuhi hadi usiku na hakuna kinachoyeyuka. Ukiiuma unatafuta maji. Lakini angalau hata ungeining'iniza kwenye mzani isingekufa. Tumeacha zile kwa sababu walaji mlitaka laini. Tumewapa laini, mnainyanyua kwa ndoano.

NAONGEZEA, maana maswali yamekuwa mengi:

Anayesema ningedai hela yote kabla, kweli mkuu, kosa langu, kuanzia sasa hela inaisha siku tatu kabla ya shughuli au keki haitoki. Anayesema nimpeleke serikali ya mtaa kwa 140,000, nimelifikiria, ila binti wa watu ndiyo kwanza anaingia kwenye ndoa, sitaki jina lake lisomwe kwa mwenyekiti kwa sababu ya ndugu mwenye mzani. Anayeuliza kama naweza kumfanyia keki kama ile mwezi wa nne: naweza, njoo inbox, na ukiandika neno kilo sikujibu.

Na wewe mweka hazina, najua upo humu, kwa sababu shangazi alijisifu kwamba mtoto wa dada yake ni mtu wa majukwaa. Kwa haraka zako za kubeba keki umeusahau mzani wako wa mabegi juu ya meza yangu. Uko salama, nimeufunga kwenye kile kitenge. Njoo uuchukue siku yoyote, na 140,000 yangu mkononi.