Masika yakiisha napiga chafya mpaka Agosti, na mume anataka kukata mjakaranda. Naomba ushauri wa njia za asili

Fundi wa Njiro

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nipo Arusha, nashona nguo, nina miaka 34. Huu ni mwaka wa tatu mambo ni yale yale. Masika yakikatika tu, mwishoni mwa Mei, naamka na chafya kumi, kumi na tano mfululizo. Makamasi yanatiririka kama maji, macho yanawasha hadi yanavimba kwa kuyasugua, na juu kwenye kaakaa kunawasha mahali ambapo hata ulimi haufiki vizuri. Homa sina, mwili hauumi. Inaniachia Agosti, halafu Oktoba vumbi likichachamaa inarudi kidogo.

Duka la dawa wananipa vile vidonge vidogo vya njano. Pua inakauka kweli, lakini vinanilaza. Wiki iliyopita nilimeza kimoja asubuhi. Saa tano nikiwa nashona kola ya sare ya shule, usingizi ukanipitia kidogo tu, sindano ya cherehani ikazama kwenye ukucha. Tangu siku hiyo naviogopa.

Mume wangu anasema chanzo ni mjakaranda ulio getini, maana kila mgeni akifika anasema maua yale yana aleji. Jumamosi anataka kuleta mtu wa msumeno. Mti ule aliupanda marehemu baba mkwe, na wateja wangu hukaa chini yake kusubiri nguo. Kabla haujaanguka naomba mnisaidie: ni njia gani ya asili inayosaidia kweli? Nina mtoto wa miezi minane bado ananyonya, kwa hiyo siwezi kumeza kila kitu.

Binti wa Pangani

Pole sana dada. Kwetu tunatumia habasoda iliyosagwa, kijiko kidogo cha chai na asali, asubuhi na jioni. Asali iwe ya nyuki wa huko huko Meru ili mwili uzoee maua ya kwenu. Na mtoto mrambishe kidogo, inamkinga.

Muuguzi Mstaafu

Binti wa Pangani, mwanangu, hilo la mtoto naomba ulifute. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata ya kuonja. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu. Tumbo la mtu mzima linavimudu, la mtoto mchanga bado. Sumu yake hulegeza misuli, mtoto anashindwa kunyonya, na mwisho anashindwa kupumua. Fundi, usimpe.

Nitarudi jioni kuandika kuhusu pua.

Kijana wa Tengeru

Piga nyungu dada. Majani ya mkaratusi, mchaichai, jifunike shuka dakika kumi. Pua itafunguka hapo hapo.

Mwalimu wa Bailojia

Fundi, kabla ya dawa tuanze na mti, maana msumeno hausubiri.

Mjakaranda wa Arusha unachanua lini? Kuanzia Septemba hadi Novemba hivi. Wewe unaanza kupiga chafya mwishoni mwa Mei, wakati mti huo hauna ua hata moja. Utaushitaki vipi kwa kosa lililotendeka wakati haukuwepo? Halafu tazama ua lenyewe: limeumbwa kama tarumbeta, lina rangi kali, lina utamu ndani. Ua la namna hiyo linaita nyuki. Chavua yake, yaani ule unga wa ua, ni nzito na inanata, inasafiri kwenye miguu ya nyuki, si hewani.

Chavua inayotutesa ni ya mimea isiyo na maua ya kuvutia, ile inayotegemea upepo: majani ya nyasi yakitoa masuke, magugu, na baadhi ya miti kama misaipresi. Mimea hiyo humwaga chavua nyepesi kwa wingi wa kutisha. Masika yakiisha nyasi nyingi hutoa masuke kwa pamoja. Hiyo ndiyo Mei na Juni yako. Ukiivuta, mwili wako unaidhani ni adui na kumwaga histamini, na histamini ndiyo inayoleta kuwashwa, chafya na makamasi.

Kosa la kulaumu kinachoonekana si letu peke yetu. Uingereza watu walilaumu harufu ya majani makavu na joto la jua, mpaka daktari mmoja wa Manchester, Charles Blackley, alipochapisha majaribio yake mwaka 1873. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alijipaka chavua ya nyasi mwilini na puani, akarusha tiara zenye vipande vya vioo vinavyonata ili aone chavua inafika juu kiasi gani. Nyasi ndizo zilizokutwa na hatia.

Kwa sababu hiyo hiyo asali ya jirani haikingi. Nyuki kwa kawaida hakusanyi chavua ile inayokutesa. Connecticut, Marekani, walijaribu kwa watu 36 na matokeo yakatoka mwaka 2002: waliokula asali ya eneo lao hawakupata nafuu kuliko waliopewa sharubati yenye ladha ya asali. Inatuliza koo, na hapo ndipo kazi yake inapoishia.

Swali langu: jirani na nyumba yako kuna kiwanja kisichojengwa?

Mbongo wa Hamburg

Dada pole. Huku Ujerumani adui wangu ni mti unaoitwa Birke, Aprili silali. Idara ya hali ya hewa inatoa utabiri wa chavua kama wa mvua. Kitu kilichonisaidia ni cha bei ndogo sana: mafuta ya mgando, paka kidogo kuzunguka matundu ya pua kabla ya kutoka. Chavua inanasa pale nje. Na miwani mikubwa ya jua.

Muuguzi Mstaafu

Nimerudi. Fundi, kama ningeambiwa nikuchagulie kitu kimoja tu, ningechagua kuosha pua kwa maji ya chumvi. Hakilazi, hakigusi maziwa ya mtoto, na kinaondoa chavua yenyewe badala ya kuificha.

Chemsha maji, yaache yatokote vizuri, funika yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kikombe kimoja cha robo lita, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukipata chumvi isiyo na madini joto ni bora, kwa wengine yenye madini joto inachoma. Wapo wanaoongeza chembe ya bekingi soda ili ichome kidogo. Tafadhali usidhani ni magadi ya kuivishia maharage. Nunua bomba jipya la sindano la mililita 20, toa sindano. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, sukuma polepole tundu la juu, maji yatokee la chini. Geuza upande. Mara moja jioni, ukizidiwa na asubuhi. Bomba lioshe kwa maji yaliyochemshwa, likauke.

Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasiingie puani kabisa. Kuna amiba inayoweza kupita puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini ikikupata huua.

Nyungu: mvuke unafungua pua kwa muda mfupi, basi. Nimehudumia watoto waliomwagikiwa na sufuria ya nyungu, na mwenye mtoto anayetambaa simshauri. Mwenye pumu harufu ya mkaratusi inaweza kumbana kifua. Habasoda kwa kiasi cha kiungo cha chakula haina neno. Kuna tafiti ndogo zilizoonyesha nafuu, ila usiigeuze dawa ya vijiko na vijiko ukiwa unanyonyesha.

Tena usizikimbie dawa zote kwa sababu ya moja. Vipo vidonge visivyolaza sana, kama loratadini, na dawa za kupuliza puani. Mwulize mfamasia, mwambie unanyonyesha. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku chache, yakizidi pua huziba kuliko mwanzo. Na usiku ukisikia kifua kinabana au kinatoa mluzi, hiyo si pua tena, nenda hospitali.

Fundi wa Njiro

Mwalimu, nimesoma nikatoka nje na kitambaa cheusi cha suti. Kiwanja kipo, ukutani kwangu kabisa, mwenyewe yuko Dar. Nyasi zimefika kiunoni. Nimegonga masuke matatu tu juu ya kitambaa, kikabaki unga wa njano kama wa manjano ya pilau. Na kamba yangu ya nguo inapita hapo hapo. Foronya, nepi za mtoto, kanga ninayojifunika usiku, zote zinakauka zikipigwa na upepo wa kile kiwanja. Nimekaa chini.

Mzee wa Sakina

Binti yangu, mpigie mwenye kiwanja, omba ruhusa ufyeke. Afyeke mwingine, wewe uwe mbali siku hiyo. Mwaka kesho zikatwe Mei mwanzoni kabla hazijatoa masuke. Na uwanja unyunyizie maji kabla ya kufagia, hata Oktoba itakusaidia.

Fundi wa Njiro

MREJESHO, wiki mbili baadaye.

Mwenye kiwanja alikubali kwa simu moja. Nyasi zimefyekwa, kamba nimehamishia upande wa jiko. Jioni naoga, nabadili kanga ndipo napanda kitandani. Pua naosha kila usiku. Siku ya kwanza ilichoma, nikagundua nilijaza kijiko kizima badala ya nusu. Chafya za asubuhi bado zipo, leo zilikuwa nne. Macho hayavimbi tena. Vidonge vya njano sijavigusa, na Jumanne nina miadi na daktari wa masikio, pua na koo.

Mume wangu nilimsomea maneno ya Mwalimu kuhusu Mei na Septemba. Alinyamaza, akaenda getini akautazama mti, akampigia mtu wa msumeno asije.

Binti wa Pangani

Nimefurahi dada. Ile asali nilikuwa nampa mdogo wangu wa miezi kumi. Nimeacha.